Lori Lisilopanda Kilima

Povu lilichipuka mahali ambapo halikupaswa kuchipuka. Fundi alikuwa amelala chali chini ya lori, chupa ya maji ya sabuni mkono mmoja, tochi mkono mwingine, akiumulika mpira mnene mweusi unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo ya injini hadi kwenye intakula ya kuipoza. Juu ya mpira hapakuwa na kitu. Ubavuni hapakuwa na kitu. Lakini chini, kwenye mkunjo unaotazama ardhi, mahali ambapo hata fundi mwenye bidii huona uvivu kupeleka shingo, viputo vilikuwa vinajitokeza kimoja baada ya kingine, vikijipanga kama watoto wa shule mbele ya mwalimu mkali. Mstari ulionyooka. Urefu wa kidole cha kati, bila kona wala meno.

Alizima tochi, akaiwasha tena, kana kwamba kosa lilikuwa la tochi.

Mpira hauchaniki hivyo. Mpira uliochoka hupasuka nyufa nyufa kama kisigino kisichojua mafuta. Unaosuguliwa na chuma huliwa taratibu mpaka uwe mwembamba kama ganda la kitunguu. Unaozidiwa na upepo hutatuka ovyo, na kingo zake huota meno. Huu ulikuwa umekatwa. Kisu kiliingia, kikavutwa mara moja, kikatoka. Na haukuwa mpira wa zamani. Alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii hii, siku kumi na moja zilizopita.

Sabuni ilimdondokea shavuni, hakuifuta.

Lori lenyewe lilikuwa la kaka yake. Si lake kwa maana ya kadi, kwa kuwa kadi ilikuwa na jina la tajiri mwenye yadi na malori sita; lilikuwa lake kwa maana ya kiti. Kwa miaka kumi na minne hakuna dereva mwingine aliyekikalia, na sponji yake ilikuwa imebonyea kwa umbo lake, hivyo kwamba mtu mwingine akikaa hujihisi kama aliyevaa kiatu cha mwenzake. Mwezi huo ilikuwa mara ya tatu kaka kulirudisha gereji na lalamiko lile lile.

"Halipandi," alisema asubuhi hiyo, akishuka kwenye kabini taratibu, akipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu. "Kilima cha matofali nimekipanda na gia ya pili. Wenye baiskeli wananipita wananipungia mkono, kama msafara wa harusi."

"Na moshi?"

"Moshi mweusi ti! Nyuma yangu usiku umeingia mchana."

Fundi alicheka, kwa kuwa ugonjwa aliujua. Kazi ya tabo si kitendawili: ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikavuta hewa, ikaishindilia, ikaipitisha kwenye intakula ipoe, kisha ikailisha injini. Hewa nyingi, dizeli nyingi, nguvu nyingi. Lakini mpira mmoja ukivujisha njiani, injini hupata chakula bila pumzi. Inakuwa kama mtu anayepandishwa ngazi na gunia mgongoni huku amezibwa pua: atapanda, ila kwa kukoroma.

Mara ya kwanza alikuta klipu imelegea. Akailaumu barabara mbovu, akakaza, akaongeza klipu ya pili kando yake kwa usalama. Mara ya pili alikuta tundu kwenye mpira, akaulaumu uzee, akaweka mpya. Leo alikuwa amefuata desturi: akaziba mdomo wa tabo kwa kifuniko cha chuma alichokichonga mwenyewe, chenye tundu la kuingizia upepo na geji pembeni, akafungulia kompresa, geji ikapanda, ikasita, kisha sindano yake ikaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu anayeondoka kwenye mazungumzo asitake kuonekana. Hewa ilikuwa inatoka mahali. Akachukua sabuni, akaingia chini.

Sasa alitoka chini, akasimama, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Umekatwa," alisema. "Mtu ameukata kwa kisu."

Laiti angelimeza. Lakini mshtuko ni kama chafya, haumsubiri mwenyewe afike mahali pa faragha. Walikuwapo watu watatu waliomsikia. Fundi wa matairi, aliyeacha nyundo ikining'inia mkononi. Kaka, aliyekuwa bombani ananawa. Na mlinzi wa yadi, ambaye wote walimwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Redio alikuwa amekuja na habari ya paka wa jirani aliyezaa ndani ya tairi, na alikuwa ameifikisha katikati. Akanyamaza.

Wa nne alikuwa juu ya ngazi za ofisi. Tajiri hakuwa mtu wa kufoka. Alishuka na kalamu mkononi, akapiga goti moja kwenye vumbi na suruali yake safi, akaomba tochi. Aliutazama mkato ule kwa muda mrefu. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida, na waliomjua waliona vinyweleo vikiwasimama.

"Mara tatu kwa mwezi," alisema. "Mimi nagombana na wenye mizigo, namwambia huyu lori ni bovu, yule lori limechoka, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nani analala na magari haya?"

Macho hayana adabu. Yote yalimgeukia Redio.

Wakamngoja aanze. Redio ambaye ukimuuliza saa atakueleza kwanza ilikotengenezwa, Redio aliyewahi kumtetea kuku wa mama muuza chai kwa dakika arobaini, alisimama na rungu lake kwapani, midomo imefungwa. Aliinua macho mara moja, akatazama kule bombani, kisha akayashusha kwenye viatu vyake. Ukimya ule uliwashtua kuliko kisu. Fundi wa matairi baadaye alisema kwamba pale ndipo alipoamini: mtu msemaji akikosa la kusema, ujue hatia imemkaba.

"Huna neno?" tajiri aliuliza.

"Sina, bosi."

"Basi mpaka saa sita uwe umekabidhi funguo."

Na ikawa hivyo, haraka haraka, kama kichwa cha kiberiti kinavyowaka na kuisha. Fundi alitaka kusema kitu, kwamba mkato hauna jina, kwamba yeye ametaja kisu tu, hakutaja mkono. Alimwona kaka yake bado ananawa. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya mikono iliyokuwa imetakata zamani.

*

Mpira wa akiba ulikuwapo stoo. Aliufunga kwa hasira, akakaza klipu mpaka bisibisi ikamuumiza kiganja, akapima tena. Safari hii sindano ya geji ilipanda ikatulia. Hakukuwa na furaha. Kila alipoinua macho alimwona Redio getini akikunja koti lake, akitia kwenye mfuko wa plastiki kikombe, kandambili, na kioo kidogo cha kunyolea.

"Tukalijaribu," alimwambia kaka.

"Nenda na wa matairi. Mimi kichwa kinaniuma."

"Kaka, wewe ndiye unayelijua. Nataka uniambie kama nguvu zimerudi."

Alimwona akisita. Angeweza kuuliza kwa nini, lakini kwa mtu huyu hakuwahi kuuliza kwa nini. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na kaka, kijana wa ishirini na mbili aliyekuwa ndiyo kwanza amepata leseni, alimpandisha kwenye kabini na kwenda naye. Alijifunzia hesabu kwa vibao vya kilomita. Spana ya kwanza maishani mwake alipewa na kaka pembezoni mwa barabara, mvua ikinyesha, akaambiwa, "Shika hapa, usiogope, chuma hakiumi kama hukikosei." Hata leo, akiwa na mvi mbili tatu zilizofichwa chini ya kitambaa, akimtazama kaka usukanini alijihisi salama kama mtoto aliyelala mgongoni.

Wakatoka. Redio aliwafungulia geti bila kusema neno.

Lori lilikuwa limepona. Hilo lilijulikana kabla ya kona ya pili. Tabo ilipuliza ule mluzi wake mwembamba, injini ikavuta pumzi ya kifua kizima, na tela tupu ikafuata kama kitoto. Fundi aliona fahari ikimpanda licha ya yote. Alimgeukia kaka akitarajia tabasamu. Kaka hakuwa na tabasamu. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, vifundo vimekuwa vyeupe, na jasho limemtoka kwenye paji la uso ingawa dirisha lilikuwa wazi.

"Linavuta, eti?"

"Linavuta," alisema, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Walikaribia kilima cha matofali. Barabara ilikuwa imenyooka, jua jeupe, magari machache. Mbele, upande wa kushoto, mtu alikuwa anasukuma baiskeli iliyopakiwa viti vya plastiki, viti vyekundu vilivyopandana mpaka vikampita kimo, unafikiri mnara unatembea. Fundi alimwona tangu mbali, hata akamcheka moyoni. Lori likazidi kushika kasi. Mnara ule ukawa mkubwa zaidi. Alingoja kaka apinde kidogo kulia, kama dereva yeyote apindavyo. Kaka hakupinda.

Pengine ilikuwa sekunde tatu. Katika sekunde hizo fundi aliwaza kwamba kaka anamtania. Kisha kwamba amesinzia. Akamtazama, akayakuta macho yake wazi, yameikodolea barabara kwa bidii ya mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kushoto! Kaka, kushoto! Mtu!"

Usukani ulizungushwa kulia kwa nguvu iliyomtupa mlangoni. Kioo cha pembeni kilipiga kitu, pwaa, na mbingu ikajaa viti vyekundu. Breki zililia. Lori likayumba, likajirudi, likasimama kando ya barabara likitetemeka, na vumbi lao wenyewe likawafikia na kuwapita.

Hakukumbuka kufungua mlango. Alijikuta tu anakimbia kurudi nyuma, akirudia neno moja ambalo baadaye hakulijua lilikuwa neno gani. Viti vilikuwa vimetapakaa barabarani, vingine miguu juu. Katikati yake alisimama yule mtu, ameshika usukani wa baiskeli iliyopinda, mzima, bila hata mchubuko. Alimtazama fundi kwa macho yaliyotoka pima, akafumbua mdomo, akaufumba. Kisha akavuta kiti kimojawapo kati ya viti vyake, akakiweka sawa kwenye majani ya pembezoni, akakaa.

"Dada," alisema hatimaye, kwa upole wa kutisha, "hivi mimi sionekani?"

Alimwomba radhi kwa kila neno alilolijua. Wakaokota viti pamoja. Aliporudi kwenye lori kaka hakuwa ameshuka. Injini ilikuwa inanguruma polepole, naye amekaa vile vile, mikono juu ya usukani.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hajafa. Hana hata jeraha."

Kaka alitoa pumzi iliyochukua muda mrefu kuisha. "Alitokea wapi?"

Ni swali hilo lililomtia baridi, kuliko breki, kuliko viti. "Alitokea wapi?" fundi alirudia. "Kaka, alikuwa mbele yetu tangu kule kwenye nguzo za umeme. Alikuwa na viti vyekundu vinavyofika juu ya nyumba. Nilidhani unamwona."

Alikuwa amepanda, amekaa kushoto kwake. Bila kusema alichokusudia, akainua mkono, akanyoosha vidole viwili karibu na shavu la kaka, karibu kabisa, kiasi kwamba angeweza kumgusa ndevu. Kaka hakugeuka. Akavitikisa. Kaka aliendelea kutazama mbele, akipepesa macho, akimsubiri aseme jambo.

Akaushusha mkono pajani kama kitu kilichomfia.

Mambo yakaanza kumjia, bila kuitwa. Jumapili iliyopita mezani, kaka akimimina chai kando ya kikombe, na wifi akisema, "Huyu mume wangu siku hizi anainywesha meza," na wote wakacheka, yeye akicheka zaidi. Kaka akigonga bega kwenye mwimo wa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kaka asiyemsalimia mpaka kwanza asikie sauti yake. Yote yalikuwa yametokea mchana kweupe, mbele ya macho yake yeye mwenye macho mawili.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nje, mwenye viti alikuwa anaupiga usukani wa baiskeli kwa jiwe, ko, ko, ko, aurudishe mahali pake.

"Jicho la kushoto lilikwisha mwaka jana," kaka alisema. "Halikuuma. Lilikuwa kama mtu anayeshusha pazia kidogo kidogo, leo inchi, kesho inchi. Daktari alisema ni presha ya macho. Akasema la kulia nalo limeanza. Nikamshukuru, nikatoka, sikurudi."

"Na ile hospitali ya leseni? Si walikupima mwezi wa tatu?"

"Zile herufi za ukutani?" Alicheka kicheko kikavu. "Zimebandikwa pale miaka ishirini. Nazijua kama jina langu. Nilizisoma mpaka mstari wa mwisho, daktari akaniambia nina macho ya mwewe."

Fundi alitaka kupiga kelele. Badala yake alisikia sauti yake inauliza kwa utulivu wa ajabu, "Tani ngapi hubeba, kaka? Ukiwa na mzigo?"

"Ndiyo maana niliukata ule mpira."

Aliyasema hayo akitazama mbele. Fundi hakuelewa mara moja. Maneno yaliingia, yakasimama mlangoni mwa akili, yakakataliwa, yakarudi tena.

"Uliukata wewe?"

"Klipu nililegeza mimi. Tundu nilitoboa mimi. Ulipoweka klipu mbili, ukaweka na mpira mpya, nikaona sina njia, nikatumia kisu." Alifuta uso kwa kiganja. "Lori likiwa na nguvu, tajiri anataka nifike saa nane. Nikienda polepole wanauliza dereva ana nini. Lori likiwa bovu, hakuna anayemtazama dereva. Natambaa kilima chote na gia ya pili, naona kinachokuja, napata nafasi ya kugeuza kichwa. Nililikata miguu ili lisiue mtu, mdogo wangu. Hakuna lingine."

"Ungeiua injini! Tabo inazunguka kupita kiasi, inaungua, unajua hilo, wewe ndiye ulinifundisha!"

"Injini ikifa inanunuliwa nyingine."

Kwa dakika nzima fundi alimchukia, na kwa dakika hiyo hiyo alitaka kumshika kichwa kama mtoto. Alikuwa ameziba uvujaji mara tatu, kila mara kwa ustadi zaidi, na kila mara alikuwa amemsogeza ndugu yake hatua moja karibu na yule mtu wa viti. Kazi yake nzuri ndiyo iliyokaribia kuua leo. Alitazama mikono yake, yenye grisi kwenye mistari ya viganja.

"Si ungeacha kazi tu?" alisema, na machozi yakamtoka bila idhini. "Si ungeniambia mimi?"

"Kwenye kiti hiki ninajua mimi ni nani. Nikishuka..." Akaiacha sentensi ining'inie. "Kila asubuhi nilisema, leo ndiyo safari ya mwisho."

"Na Redio?"

Bega la kaka lilishuka.

"Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Nikaukuta mtupu."

Fundi alifungua mlango, akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa dereva. Kaka alimtazama, akaelewa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne akahama kiti kwa ajili ya mtu mwingine. Leseni ya malori fundi alikuwa nayo. Kaka ndiye aliyemsomesha udereva kwenye barabara hii hii. Kabla hajaondoa breki fundi alikumbuka yule mtu, akashuka tena, akampandisha yeye na baiskeli yake na viti vyake kwenye tela, wakamfikisha sokoni. Mtu yule alikaa kule nyuma juu ya kiti kimojawapo, amekishikilia chuma cha tela kwa mikono miwili, akitazama barabara inavyomkimbia.

*

Ilikuwa saa sita kasorobo walipofika yadi. Redio aliwafungulia geti, ingawa mfuko wake ulikuwa tayari begani na funguo zote ziko mkononi zimefungwa kwa kamba. Fundi alisimamisha lori, akaiacha injini ingurume taratibu ili tabo ipoe kabla ya kuzima, akaruka chini.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilisema kabla ya kufikiri. Aliyekata si wewe, ni..."

"Najua."

Fundi alimsogelea hatua moja.

"Nilimwona," Redio alisema. "Juzi, jua limeshachomoza, mimi natafuta wale paka. Nikamwona yuko chini ya gari na kisu cha mkate. Nikasema moyoni, kumbe na yeye ni fundi, familia nzima mafundi. Kisha akatoka." Akanyoosha mikono, akapapasa hewa. "Akautafuta mlango wa gari kwa mikono. Anapapasa hivi, kama mtu aliyezimiwa taa. Na jua linawaka! Nikasimama hatua tano kutoka kwake, upande wa kushoto. Nikamsalimia kwa mkono. Hakuniona, fundi. Mimi, na mwili wote huu."

"Na asubuhi hii ukanyamaza? Mpaka ukafukuzwa?"

"Ningesema nini mbele ya watu wote? Bosi, huyu mtu haoni? Hata mkojo mtu hujificha." Akauhamisha mfuko bega la pili, na sauti yake ikapanda, Redio akajirudia. "Lakini usinifanye malaika! Nimekasirika, nimekasirika sana. Nilimtazama pale bombani, nikahesabu moyoni mpaka hamsini, nikasema sasa hivi atasema. Nikaongeza kumi. Leo nilikuwa naondoka hapa moja kwa moja mpaka kwa mkewe, nikayamwage yote mezani. Mdomo huu haujawahi kuniletea heshima hata siku moja. Siku ya kwanza naufunga, nafukuzwa kazi!"

Kaka alikuwa ameshuka upande wa pili. Walimwona akizunguka mbele ya lori, mkono mmoja ukifuata bampa. Alifika mbele ya Redio, akasimama karibu kidogo kuliko watu wanavyosimama.

"Umesikia?" Redio alimuuliza, kwa ukali.

"Nimesikia."

"Basi."

Kaka aliinamisha kichwa, kisha akavuka uwanja kuelekea ofisini. Alizihesabu ngazi kwa mguu, nne, akaingia, mlango ukafungwa. Fundi alitaka kumfuata. Redio akamshika kiwiko. "Mwache," alisema. "Huko aende peke yake."

Wakasimama juani. Injini ilinguruma nyuma yao. Hawakusikia kelele yoyote, kwa kuwa tajiri hakuwa mtu wa kufoka, na kukosa kusikia kukawafanya wabuni mabaya zaidi. Fundi wa matairi alikuja na maswali, akaangalia nyuso zao, akarudi na maswali yake. Fundi alipanda kabini, akazima injini. Kimya kilichofuata kilimpiga masikioni kama kofi.

Mlango ulipofunguliwa alitoka tajiri kwanza. Alikuwa na ufunguo wa akiba wa lori mkononi, aliokabidhiwa na kaka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa na mlio asioujua. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama lori, kisha kioo cha pembeni kilichovunjika, na midomo yake ikacheza kana kwamba anapiga hesabu ya safari zote za mwaka mzima, vilima vyote, shule zote zilizo kando ya barabara. Aliketi kwenye ngazi ya juu, na suruali yake safi.

"Geti liko wazi," alisema baada ya muda, bila kumtazama Redio. "Nani analilinda?"

Redio alitua mfuko chini, akatoa kikombe chake, akakiangalia, akakirudisha mfukoni. Kisha akaenda kusimama getini, lakini mfuko aliuacha umefungwa, palipoonekana na kila mtu.

Kaka alitoka mwisho. Alikuwa ameacha kofia yake ndani, na bila kofia alionekana mfupi. Alishuka ngazi nne, akampita tajiri, akavuka uwanja mpaka alipokuwa dada yake.

"Kesho asubuhi hospitali," fundi alisema. "Nitakupeleka mimi."

"Tajiri ameshasema hivyo hivyo. Ninyi mmekubaliana?"

"Hatujakubaliana."

"Wifi yako atalia."

"Atalia. Kisha ataniuliza mimi fundi gani nisiyejua ugonjwa wa nyumbani kwetu."

Walitoka getini kwa miguu. Barabara ya mchana ilikuwa na watu wake wa kawaida, mikokoteni, pikipiki, mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika, na kila mmoja wao sasa alimwonekea fundi kama kitu kilichobaki kwa bahati. Kaka alitembea haraka, kiburi chake chote kimehamia miguuni, na pikipiki ikapita karibu naye upande wa kushoto, karibu mno, na hakukwepa. Fundi akajaribu kumshika mkono.

"Usinikokote," alisema kaka. "Mimi si tela."

Akamwachia. Akapunguza mwendo hatua mbili, akapita nyuma yake, akahamia kushoto kwake, kati yake na barabara. Walitembea kitambo hivyo, bila kugusana. Kaka alikuwa anatazama mbele, shingo imekakamaa, na walipofika penye kelele nyingi akageuza uso kidogo, si kiasi cha kumwona.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo, kaka."